Ploti Tano za Mwisho

Mimi si mtu wa kukaa. Mama yangu kule Mkula husema nilizaliwa na siafu miguuni, na ni kweli: nikikalishwa kwenye kiti nusu saa naanza kutafuta la kufanya, nahamisha ndoo, nakunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa, nafagia uwanja uliofagiliwa asubuhi. Sasa mtu wa namna hiyo akapewa kazi ya kuhesabu majani. Sijui aliyeniajiri aliona nini usoni mwangu.

Kazi ilikuwa ya msimu, mara mbili kwa mwaka, katika kijiji kimoja upande wa Kimali, wilayani Meatu. Mwezi wa tano, mvua zikiisha na nyasi zikiwa na mbegu, tulihesabu kilichoota. Mwezi wa kumi, kiangazi kikiwa ukingoni, tulirudi kuona nini kimebaki hai. Tulihesabia ndani ya ngitili ya mama mmoja mjane. Ngitili, kwa asiyeijua, ni malisho ambayo Msukuma huyafunga mvua zinapoanza. Hakuna mnyama anayeingia. Nyasi zinaota, zinakomaa, zinakauka zikiwa zimesimama, na kiangazi kikishakaza ndipo inafunguliwa: wanaanza ng'ombe wa kulimia, anayenyonyesha na ndama wake, na wengine wanafuata kama kuna cha kufuata. Ngitili nyingi zilikatwa zikawa mashamba ya pamba, miti yake ikawa mkaa. Hii ilikuwa imekatwa nusu na marehemu mumewe, halafu wakajuta, wakaifunga tena. Mtaalamu wetu alitaka kujua mimea gani inarudi, na ipi inatangulia.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa mtu wa chuo, mpole, wa kuomba samahani hata kwa kiti alichokigonga. Kazi alijifunzia kwenye misitu ya misindano huko nyanda za juu kusini, akisomea jinsi mimea ya asili inavyorudi chini ya miti hiyo ikishapunguzwa. Alipohamia kwetu alikuja na fomu yake ileile. Mstari wa nne uliuliza unene wa sindano zilizodondoka chini, kwa sentimita. Meatu! Siku ya kwanza nilimwambia, "Mwalimu, huku hakuna msindano hata mmoja." Akasema ni vizuri fomu zifanane ili matokeo yalinganishwe, niandike sifuri tu. Basi nikaandika sifuri. Ploti ishirini na nne, yaani vile vipande vya ardhi tulivyoviwekea alama ili kuhesabia, sifuri ishirini na nne, kila msimu.

Mama mwenye ngitili alinisikia nikiutaja huo msindano akataka kujua ni mti gani tunaoutafuta kila siku hatuupati. Nikamweleza: mrefu, umenyooka, majani yake kama sindano za kushonea, yakidondoka yanafunika ardhi yote, na mbuzi hawayagusi. Alicheka mpaka akanishika bega asianguke.

"Mti usioliwa na mbuzi! Na huo nao mnausomea?"

Hakuwa ameajiriwa. Alikuja tu siku ya kwanza kuangalia tunafanya nini na nyasi zake, akaona nakosea, akabaki. Mimi nilikuwa na majina ya kitabuni. Yeye alikuwa na majina ya Kisukuma, na zaidi ya majina, alijua kila mmea unafanya nini mwilini mwa ng'ombe. Tulikuwa tunalaza fremu ya mbao chini, mita moja kwa mita moja, yeye anashika upande wake, mimi wangu, tunahesabu kilichomo. Tukagombana mapema. Kulikuwa na nyasi mbili nilizoziandika kama moja, akasema si moja, hii ng'ombe anaila na ile anairuka. Nikamwambia kitabu kinasema moja. "Basi mpe ng'ombe kitabu," akasema. Mbegu zilipotoka ikaonekana yuko sahihi, nikarudia fomu tisa. Alifurahi wiki nzima, kila anayepita njiani alisimuliwa. Nilimpenda kuanzia hapo, na nilimwita mayu, kama ninavyomwita mama yangu.

Alikuwa na maksai wawili, mmoja mweupe, mmoja mwekundu, waliozoea kuvuta jembe pamoja tangu mumewe yu hai. Ng'ombe wengine walikuwa wachache, jike mmoja wa maziwa na ndama. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikaa ng'ambo ya korongo, na wala hakuwa mtu wa kelele. Alisema kwa upole, tena mbele za watu, kwamba mjane akishindwa kulima kwa jembe lake, ukoo utamsaidia. Ataingiza jembe lake yeye, alime shamba lote, ngitili ikatwe ipandwe dengu, na mama atakuwa anapelekewa chakula.

"Siku jembe lake likiingia shambani kwangu, mimi nimekuwa mgeni hapa," mama aliniambia. "Nitakuwa namwagiwa chakula kama kuku."

Kwa hiyo maksai wale wawili ndio waliokuwa wanamshikilia pale. Nililijua hilo vizuri kabisa, naomba ieleweke. Hakuna aliyenificha.

Kulikuwa pia na neno alilolitoa. Mwaka wa kwanza, kwenye mkutano wa kijiji, mtaalamu aliomba ngitili isifunguliwe wala isikatwe nyasi mpaka hesabu ya mwezi wa kumi iishe, kwa sababu ng'ombe hawajui ploti ni nini. Mama akasimama, akakubali kwa sauti, mtendaji akaandika, walinzi wa kijiji wakaambiwa. Miaka miwili hatukuwa na shida. Tulifika mwezi ukianza, tukahesabu siku nne, tukamaliza, akafungua.

Mwaka wa tatu mvua zilikata mapema. Kufikia mwezi wa tisa udongo mweusi wa mbugani ulikuwa umepasuka, mguu unaingia mpaka kwenye kifundo. Ng'ombe walikuwa wanatembea asubuhi nzima kutafuta kitu cha kutia mdomoni. Nilitoka Bariadi ninakoishi nikapanga chumba Mwandoya, mji mdogo wa karibu, siku mbili kabla ya tarehe yetu, begi langu limejaa fomu. Ndipo mtaalamu akapiga simu. Kuna kipimo cha unyevu wa udongo kimeagizwa, kimekwama njiani, na ni lazima unyevu upimwe siku ileile ya kuhesabu. Akaomba tusubiri siku tatu.

Unyevu gani, jamani, mwezi wa kumi? Lakini yeye ndiye mkubwa wa kazi. Nikapanda bodaboda mpaka kwa mama nikampa habari.

"Siku tatu tu, mayu."

Aliangalia ngitili, akaangalia maksai wake waliokuwa wamesimama kwenye kivuli chembamba cha zizi. "Siku tatu," akasema, "tutazimaliza."

Siku tatu zikaisha, zikaombwa mbili. Mbili zikaisha, likaja neno "wiki ijayo mapema". Chumbani Mwandoya nilifua kila kitu, nikafua na pazia la mwenye nyumba. Nilichonga penseli mpaka zikawa fupi. Nilikwenda sokoni mara tatu kwa siku kununua vitu ambavyo ningevinunua mara moja, na mwenye duka wa Kiislamu pale kona akaniuliza kwa adabu kama nyumbani kwangu kuna msiba. Usingizi haukunijia. Nikaona bora niwe naenda kijijini kila asubuhi, hata kama hakuna kazi, kuliko kuzunguka chumbani.

Huko nikakuta watu wananyanyua ng'ombe. Kiangazi kikikaza hivyo, ng'ombe dhaifu akilala anashindwa kuinuka mwenyewe, na asiposimamishwa asubuhi hafiki jioni. Kwa hiyo majirani wanapita zizi kwa zizi. Mmoja anashika mkia, wawili wanashika pembe, wengine wanapitisha gunia chini ya tumbo, wanapeana sauti, wanavuta pamoja. Akishasimama wanamkumbatia pande zote mpaka miguu ikumbuke kazi yake. Hakuna anayeitwa na hakuna anayekataa.

"Mwangaluka, mayu," nikasalimia.

"Mwangaluka. Shika gunia."

Nikashika. Alikuwa ni yule mweupe. Nilihisi mbavu zake kwenye viganja kupitia gunia, moja moja, ningeweza kuzihesabu kama ninavyohesabu majani. Tulimsimamisha. Akabaki anatetemeka, kichwa amekielekeza upande wa ngitili, ambayo haikuwa mbali, hatua kama hamsini, na nyasi zake zimesimama kiunoni, za rangi ya mkate. Upepo ulipovuma zilitoa sauti. Watu waliokuwa wanamshikilia wote walizisikia na hakuna aliyenitazama, na hilo ndilo lilinichoma.

Nilianza kukata nyasi pembezoni mwa barabara, zile chafu za vumbi, nikazijaza kwenye gunia na kumletea. Zilikuwa za kudanganyia mdomo tu. Siku ya tisa nikashindwa kuvumilia.

"Fungua," nikamwambia. "Ngitili ni yako, mayu. Fungua, mimi nitajibu."

"Utamjibu nani? Nilisema mbele ya watu." Alinyoosha mkono kuelekea korongo. "Na yule pale anahesabu siku kuliko wewe. Nikifungua kabla, atasimama mkutanoni aseme mjane hawezi kutunza ngitili, wala neno lake mwenyewe. Unataka nimpe na hilo?"

"Basi kata nyasi kidogo."

"Mundu na mdomo wa ng'ombe vina tofauti gani? Nyie maliza kuhesabu. Kazi yenu ikiisha, neno langu limeisha."

Mtandao pale ulipatikana juu ya kichuguu kimoja tu, karibu na shule. Nikapanda juu yake kama mbuzi, nikampigia mtaalamu. Nilimkemea, mtu mzima mwenye digrii zake. Nilimwambia kuna mnyama anakufa hapa kwa sababu ya mashine. Alisikitika, alisikitika kweli, sauti ilibadilika. Halafu akasema, "Nakuomba tu, usiharibu data ya miaka mitatu. Ploti moja ikikosekana mwaka huu, mfululizo wote wa miaka unakatika." Nikamwambia kesho naanza kuhesabu bila kipimo chake, kwa fremu na karatasi, na asiponitaka tena atafute mwingine. Akasema sawa.

Kesho yake tulianza jua likichomoza. Kazi ya siku nne nilitaka iishe kwa siku moja na nusu. Mama alishika upande wake wa fremu, na jirani mmoja, mwanamke wa rika langu, akatusaidia kutafuta nondo za chuma tulizozichimbia kwenye pembe za ploti. Jamani, sijawahi kufanya kazi namna ile. Nilipiga magoti, nikahesabu, nikaandika, nikainuka, nikakimbia. Sikunywa maji. Nilihisi raha hasa, na leo naona aibu kulisema: siafu wangu walikuwa wamepata pa kukimbilia. Mstari wa nne niliuandikia sifuri bila hata kuutazama.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, tulikuwa tumemaliza ploti ya kumi na tisa. Yule jirani alikuwa amerudi kijijini kuchukua uji. Tukamwona anakuja mbio bila uji.

"Mweupe amelala. Wamemnyanyua mara mbili, magoti hayashiki."

Mama alinigeukia. Alinitazama tu, na fremu iko mkononi mwake.

"Bado tano," nikasema.

Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nimekokotoa haraka kichwani: tukifungua sasa ng'ombe wataingia popote, hizo tano zitakanyagwa, miaka mitatu itakatika, na itakuwa mimi niliyeikata. Nikajiambia ni saa moja tu. Nikamwambia mama aende zizini, mimi nitamaliza na jirani. Akasema zizini watu wapo, kinachokosekana ni nyasi, na nyasi hazitoki mpaka nimalize, basi tumalize. Akaweka fremu chini kwenye ploti ya ishirini.

Haikuwa saa moja. Zile tano zilikuwa mbali, kwenye ile nusu iliyowahi kukatwa, na nondo za ploti mbili zilikuwa zimefukiwa na udongo, tukazitafuta kwa vidole. Na hakukuwa na kitu! Nyasi fupi, udongo mtupu, nyasi fupi. Kwenye ploti ya ishirini na mbili kulikuwa na mche mmoja wa mgunga, mrefu kama kidole changu cha kati, una majani manne. Katika ploti zote tano huo ndio mche pekee niliouandika. Huku nikiandika nilisikia watu kule zizini wakipeana sauti ya kunyanyua. Nikaisikia mara ya pili. Mara ya tatu ilianza ikakatikia katikati, haikurudi.

Mama naye alisikia. Alikuwa ameshika upande wake wa fremu na hakuuachia mpaka nilipofunga fomu ya mwisho.

Mwekundu aliingia ngitilini mchana ule akala amesimama palepale mlangoni, hakuwa na nguvu ya kwenda mbele. Alipona. Mweupe tulimkuta macho wazi. Majirani waligawana nyama, kwa sababu ndivyo inavyofanyika, na mimi nililetewa fungu langu. Nilimpa jirani.

Siku mbili baadaye nilikuwa Mwandoya naosha vyombo, ndipo wazo likanijia, bila kuitwa, nikaketi sakafuni na sufuria mkononi. Ploti kumi na tisa zilikuwa zimeshahesabiwa. Kumi na tisa! Hazikuwa na kazi tena. Ningechukua mundu, nikakata mzigo mmoja kwenye ploti ya kwanza, nyasi nzuri za kiunoni, jirani akaubeba mpaka zizini, na sisi tukaendelea na hizo tano. Ingechukua dakika chache. Hakuna neno lililokuwa linavunjwa, maana pale kazi ilikuwa imeisha. Nilikimbia sana mpaka nikalipita jambo lililokuwa mbele ya pua yangu. Nililia, na siyo kilio cha kujifuta machozi kwa kanga, nililia nikapiga sakafu.

Mtaalamu alikuja na kipimo chake wiki iliyofuata. Akakichomeka ardhini hapa na pale, kikamwonyesha alichoonyeshwa na macho yake. Akaniambia data imetoka safi sana. Nikamwambia data imeua maksai. Akavua kofia, akaenda kumpa mama pole kwa mikono miwili, na mama akaipokea.

Mvua za kwanza zilinikuta bado huko. Ningekuwa nimerudi Bariadi, msimu wangu ulikuwa umeisha, lakini miguu haikutaka. Asubuhi baada ya mvua kubwa shemeji alivuka korongo na maksai wake wanne na jembe. Alisimama kwenye mpaka wa shamba, akasalimia vizuri, akasema amekuja kumsaidia shemeji yake.

"Wabeja, shemeji," mama akamshukuru. "Nimeshafunga ng'ombe wangu."

Alikuwa amemfunga nira yule mwekundu pamoja na jike wa maziwa. Jike ambaye hajawahi kuvuta hata kuni! Nilishika kamba mbele nikawa nawaongoza, mama yuko nyuma na jembe. Yule jike alilala chini hatua ya kumi. Tukamwinua. Akalala tena. Mara ya tatu alinikokota mimi kwenye tope, nikaanguka kifudifudi, na watu waliokuwa kwenye mashamba ya jirani wakacheka waziwazi, hata mama akacheka. Shemeji hakucheka. Alikaa mpakani mpaka jua likawa kali, akaona mstari wa kwanza umefika mwisho, umepinda kama mkia wa mbwa lakini umefika. Akageuza maksai wake akaondoka. Tulilima hivyo siku kumi na moja, kidogo kidogo. Maziwa ya jike yakakauka, ndama akakonda, hakufa.

Siku mojawapo, tumekaa tunapumzika, miguu imejaa tope, nikamwambia. Nikamwambia lile la mzigo mmoja wa nyasi kutoka ploti ya kwanza, kwamba sikulifikiria, na kwamba nisamehewe au nisisamehewe, nilitaka alijue.

Alikuwa anakwangua tope kwenye jembe kwa kijiti. "Mimi nililifikiria palepale," akasema.

Nilimtazama.

"Nilikuangalia ili uliseme. Neno nililifunga kwako, wewe ndiye wa kulifungua. Ukasema bado tano." Akaendelea kukwangua. "Sikuchukii. Ila usiseme hukusikia nikikuuliza. Nilikuuliza kwa macho yangu yote."

Nikainuka nikashika kamba.

Mwezi wa tano nilirudi kuhesabu. Mvua zilikuwa za kutosha na ngitili ilikuwa ya kijani mpaka inaumiza macho. Mtaalamu alikuwa Bariadi na mikutano yake. Tulianza ploti ya kwanza, mimi na mama, na safari hii sikukimbia, au nilijitahidi nisikimbie. Nilimaliza moja kabisa ndipo nikainuka. Tulipofika ile nusu iliyokatwa, mama akatangulia.

Kwenye ploti ya ishirini na mbili kulikuwa na matawi ya miiba yamesimikwa kwa mduara, yamefungwa kwa kamba ya katani, kazi ya mtu mwenye subira. Katikati yake ulikuwa ule mche wa mgunga. Ulikuwa umefika karibu na goti langu.

Sasa, sheria za kazi yetu ziko wazi. Ndani ya ploti hakuna anayepanda, anayepalilia wala anayelinda kitu, tunahesabu kile tu kinachojiotea chenyewe. Mche uliowekewa miiba si mche wa utafiti tena. Nilitakiwa niiondoe, niandike tarehe. Mama alijua, tumefanya kazi pamoja miaka.

"Huyu ndiye mweupe wangu," akasema. "Ulimwandika siku ile, nilikuona. Nikasema kama ndicho nilichobakiziwa, mbuzi hatamgusa." Kisha akaongeza, bila hasira, "Kazi yako ikitaka, ng'oa."

Niliweka fomu chini. Nilizunguka ule mduara mara moja, nikaona upande wa mashariki tawi moja limelala, pana uwazi wa kuingiza kichwa cha mbuzi. Nikachukua mundu wa mama, nikaenda kukata tawi lingine. Miiba ilinichana mikono yote miwili. Nikalisimika, nikalifunga, nikarudi kukata la pili.

Jioni ile, kabla jua halijazama, nilipanda juu ya kichuguu nikampigia mtaalamu. Nilimwambia ploti ya ishirini na mbili imeingiliwa na mtu.

"Imeingiliwa na nani?" akauliza.

"Na mimi."

Akaniuliza kama inaweza kurekebishwa, nikamwambia haiwezi, na sitaki, mche ule umesimama badala ya maksai. Nikasubiri anifukuze. Nilimsikia anapekua karatasi, kisha akaniuliza maksai yule alikuwa wa rangi gani. Nikamwambia.

Tangu msimu ule tunahesabu ploti ishirini na tatu.